Laini ya Kigoma Iliyougua Mchana

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye duka la mjukuu wangu pale Kanyenye, mtaa wa hapa Tabora, anapochapa kadi za harusi, vyeti na mitihani ya shule. Ana printa moja inayohudumia kompyuta tatu bila waya, na asubuhi ile ilikataa kuonekana kwenye mtandao. Mjukuu wangu akaizima, akaiwasha. Akaipiga kofi ubavuni. Halafu akafuta programu yake na kuiweka upya, akabadilisha nywila, akahamisha ruta kutoka rafu ya chini kwenda ya juu, akachomoa na waya mmoja ambao mpaka leo hajui ulikuwa wa nini. Printa ikakubali. Nikamuuliza ilikuwa inaumwa nini. Akacheka, akasema, "Babu, imepona, si inatosha?" Kesho yake ikagoma tena, naye hakuwa na pa kuanzia.

Basi vijana wangu, ninyi mnaotafuta riziki kwa mashine zinazosemeshana, haya nawaandikia ninyi. Naitwa Maganga, mtoto wa Itetemia, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa teleprinta na laini zake hapa Tabora. Teleprinta, kwa asiyeijua, ilikuwa taipu nzito kama cherehani mbili zilizofungwa pamoja. Ukibonyeza herufi hapa Tabora, taipu nyingine kule Kigoma inajichapa yenyewe, herufi ile ile, mtu hajaigusa. Kwa hiyo msinidharau. Mimi nilikuwa na printa ya mtandao kabla baba zenu hawajaoa.

Mtandao wetu ulikuwa waya uliotundikwa juu ya nguzo za chuma, kwa sababu nguzo za mti mchwa walizimaliza zamani. Waya ulifuata reli, na reli sehemu kubwa ilifuata njia waliyopita wapagazi na mizigo yao kwenda Ujiji. Babu yangu aliipita njia hiyo kwa miguu, na mzigo begani. Mimi niliipita juu ya kiberenge, kile kigari cha kukagulia reli, na bado nilikuwa nalalamika jua kali.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Rajabu, mwenyeji wa Kanyenye, wa ukoo wa wafanyabiashara walioingia mjini enzi za misafara. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa kofia safi, anayependa kahawa chungu. Alikuwa na desturi moja iliyonikera sana mwanzoni. Tukiitwa kwenye mashine iliyoharibika, hakuigusa. Alivuta kiti, akaketi na mtu anayeitumia, wakasalimiana, wakaulizana watoto na wazee wa nyumbani, halafu ndipo anauliza, "Enhe, imeanza lini kuumwa? Na siku ile kabla ya kuumwa, kilibadilika nini hapa?" Mimi nimesimama na bisibisi mkononi. Nilidhani anapoteza muda. Yeye akaniambia mashine haina mdomo, mwenye mdomo ni anayekaa nayo, sasa wewe unakimbilia bisibisi ukamuulize nani?

Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyepelekwa Nzega peke yake kwa mara ya kwanza. Teleprinta ya kule haichapi. Akaifungua yote, skrubu moja moja, akazipanga juu ya gazeti kama dagaa wanaoanikwa. Tulipofika siku ya pili kumsaidia, Fundi Rajabu akamsalimia karani, akamuuliza maswali yake, akanyoosha mkono na kugeuza bunda la karatasi lililokuwa limevishwa kinyume. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wote. Kuirudisha ile mashine kulimchukua mwenzetu yule mpaka jua linazama, na fundi hakumsaidia hata kidogo, alikunywa kahawa huku akimhadithia habari za mjini. Tangu hapo, ofisini kwetu mtu yeyote mwenye papara aliulizwa, "Umetazama karatasi?"

Na laini nayo ilikuwa na vituko vyake. Kuna siku mawasiliano yalikatika kabisa, tukahangaika na betri, tukahangaika na mashine, kumbe upande wa Kaliua twiga kapita na waya shingoni. Hitilafu ya namna hiyo ni ya kiungwana. Inakata, unaifuata, unaiona, unaunga, unarudi nyumbani kula. Inayozeesha fundi ni ile inayokuja na kuondoka. Na katika hizo zote, moja tu ilitaka kumpotezea mtu riziki yake, nayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia vizuri.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Ofisini tulikuwa na binti mmoja kwenye teleprinta ya Kigoma, akiitwa Zuhura, wa Isevya. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye mashine ile, na alikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Vidole vyake, wacha niseme ukweli, vilikuwa vinacheza juu ya vibonyezo mpaka watu wa kaunta walikuwa wanachungulia mlangoni wamtazame. Nyumbani alikuwa na mama asiyeona na wadogo zake wanaosoma, na mshahara wa nyumba nzima ulikuwa huo wake. Nilimpenda Zuhura kama dada, na fundi alimpenda kama binti, na msinitafutie mengine.

Zuhura alikuwa na zamu ya mchana. Asubuhi alikaa mzee mmoja mtaratibu, na simu zake, yaani ujumbe wa maandishi uliopita kwenye waya, zilifika Kigoma safi kabisa. Ikifika mchana, akikaa Zuhura, Kigoma wanaanza kulalamika. Maneno yanafika yamevurugika, herufi zimegeuka tarakimu, jina la mtu limekuwa mchanganyiko usiosomeka. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Baadaye ikawa karibu kila siku. Halafu ikaja siku ya habari ya msiba. Kijana aliyeko Kigoma kafiwa na mama yake hapa Tabora, simu imepelekwa mchana, Kigoma wamepokea takataka, na mpaka wanaomba irudiwe na inasomeka, treni imeshaondoka. Yule kijana alifika mama yake ameshazikwa. Akaja ofisini akasimama kwenye kaunta, hakutukana mtu, aliuliza tu ni nani aliyeiandika. Zuhura alitoka mwenyewe akamwambia, "Ni mimi, kaka yangu, na niliandika sawasawa." Aliporudi ndani alilia mpaka tukashindwa kumtazama.

Mkuu wetu wa ofisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeandikiwa barua kali kutoka Dar es Salaam, na mtu wa namna hiyo hutafuta kitu cha karibu cha kushika. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: asubuhi mashine ile ile, laini ile ile, mambo safi. Mchana anakaa Zuhura, mambo machafu. Kilichobadilika ni nini kama si vidole? Akasema mkaguzi anakuja kwa treni ya Ijumaa, na asipopata sababu nyingine, Zuhura anarudi nyumbani.

Fundi akaanza kazi. Alikaa na Zuhura kama kawaida yake, akamuuliza mama anaendeleaje, halafu maswali yake yale. Zuhura akamwambia kitu ambacho mimi ningekipuuza. Alisema siku za joto na upepo ndizo mbaya zaidi. Akiona vumbi linainuka pale nje ya dirisha, anajua Kigoma watalalamika.

Tukaifungua mashine, tukaisafisha, tukaitia mafuta, tukaifanya ijiandikie yenyewe bila kutoka nje ya jengo. Haikukosea hata nukta. Fundi akamwomba mkuu awabadilishie zamu, mzee wa asubuhi akae mchana, tuone. Mkuu akakubali. Sasa tazameni bahati ya Zuhura: siku hiyo mawingu yalifunga tangu saa nne, kukapoa, jani halitikisiki. Mzee kachapa mchana kutwa, safi. Mkuu alitutazama tu, na kutazama kwenyewe kulitosha. Jioni fundi akaniambia nisikate tamaa, akasema jaribio moja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja anaweza kuwa alisinzia.

Kesho yake jua likarudi na upepo wake. Fundi akavaa simu ya masikioni akaisikiliza laini yenyewe. Mchana ulipopamba moto akanivisha na mimi. Nikasikia mikwaruzo, kidogo, inanyamaza, halafu tena, kama mtu anayepiga kiberiti kibichi. Tukamwita mkuu, naye akasikiliza kwa adabu, halafu akasema waya wowote unakwaruza na mzee wa asubuhi hajawahi kulalamikia mikwaruzo. Nikataka kujibu, fundi akanikanyaga mguu.

Sasa hapa sikilizeni, maana hili litawasaidia hata kwenye mitandao yenu. Laini ikiwa ndefu, usiikague kwa kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Igawe katikati, uliza nusu ipi inaumwa, halafu ugawe tena. Tuliomba watu wa vituo vya njiani, kimoja baada ya kingine, waikate laini kwao ili tusikilize kipande cha Tabora mpaka hapo tu. Mpaka Usoke, kimya kizuri. Mpaka Urambo, kiberiti kibichi. Ugonjwa ulikuwa kati ya Usoke na Urambo.

Fundi akamwita mnyapara wa watu wa laini wa sehemu ile. Hawa ndio waliokuwa wakitembea chini ya waya, kutazama nguzo na vile vikombe vyeupe vya kauri vinavyoshika waya. Akaapa kwamba watu wake wamepita pale wiki ile ile na hakuna kitu. Nguzo zimesimama, vikombe vizima, waya haujakatika. Alikuwa mtu mkweli na nilimwamini. Tatizo ni kwamba alikuwa Mnyamwezi kama mimi, na mtaona kwa nini nasema hivyo.

Tukapanda kiberenge, mimi, fundi na mnyapara, tukaondoka tukijua tutafika sehemu ile mchana, wakati wa ugonjwa. Fundi alisisitiza hilo. Mgonjwa wa homa za mchana usimpime asubuhi. Tulipopita Usoke tukapunguza mwendo, mimi natazama nguzo za kulia, mnyapara anaelekeza. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Tukafika penye kijiji kipya, nyumba za nyasi mbichi zimejipanga mstari mmoja, na miti mikubwa yote imekatwa kwa ujenzi na kwa kukaushia tumbaku. Nguzo nzima. Nikasema twende mbele. Fundi akashika breki.

"Kile pale juu ni nini?"

"Mzinga," nikamjibu.

"Najua ni mzinga, Maganga. Umetundikwa kwenye nini?"

Ndipo nikauona. Nawaambia kweli, macho yangu yalikuwa yamepita juu yake na hayakusimama. Mzinga wa gome, mrefu, umening'inia kwa kamba kwenye ncha ya ule mkono wa nguzo unaobeba waya. Kwetu sisi mzinga ukiwa juu ni sawa na paa kuwa juu ya nyumba, nani anasimama kushangaa paa? Watu wa laini walikuwa wamepita chini yake mara kwa mara wakiripoti nguzo nzima, na nguzo ilikuwa nzima. Mnyapara akashika kichwa. Ilibidi mtu ambaye ukoo wake ulikula asali bila kurina ndiye auone ule mzinga.

Tukasubiri pale chini. Asubuhi, zile nyaya mbili, wa juu na wa chini, zikiwa zimepoa, zinakaza na kila mmoja unabaki mahali pake. Jua likichoma, zinalegea. Mzinga ulikuwa umejaa asali na uzito wake umeupindisha mkono. Upepo ukaja kutoka upande wa mashamba, mzinga ukayumba, mkono ukainama, na waya wa juu ukaugusa wa chini, kidogo tu, tk, tk, ukaachia. Kwa macho ni kitu cha kucheka. Lakini kila mguso ulikuwa unakula kipande cha herufi ya Zuhura. Fundi alisema Alhamdulillahi, akakaa chini kwenye kokoto za reli kama mtu aliyetua mzigo.

Nikamwambia mnyapara aupandie autoe. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avunje mlango wa mtu. Ubavuni mwa mzinga kulikuwa na alama iliyochongwa, alama ya mwenyewe, na kwetu mzinga wenye alama haushushwi na mtu mwingine. Aliyeushusha ni mwizi, hata kama unamwangukia kichwani. Na mimi, pamoja na elimu yangu ya teleprinta, sikuthubutu kuugusa vilevile. Ikabidi mwenyewe aitwe.

Alikuja mzee mmoja mwembamba, Mzee Mihambo. "Mwangaluka," tukasalimiana kwa Kinyamwezi, halafu tukageuza Kiswahili kwa ajili ya fundi. Hakuficha kitu. Alieleza kwamba walihamishwa kutoka msituni kwao, mizinga yake mingi imebaki kule kwenye miti ya baba yake, mbali, hawezi tena kwenda na kurudi. Mmoja huu aliubeba. Hapa hakuna mti uliobaki wenye kimo, na mfupi hautaki, kwa sababu ya nyegere, ambaye anapanda mti kuliko kijana yeyote na akiufikia mzinga haachi kitu. Basi aliiangalia ile nguzo ya chuma, ndefu, laini, nyegere hawezi kuishika, akaona kwamba serikali iliyomhamisha angalau imemletea mahali pa kutundika mzinga. Kuhusu waya alijua unapitisha maneno. Hakujua maneno yanaweza kuumizwa na mzinga.

Fundi akamweleza taratibu, mzee kwa mzee. Akamwambia kwamba kugusa waya ule ni kosa kubwa, watu wamewahi kuitwa wahujumu kwa kidogo kuliko hicho. Akamwambia pia kuhusu Zuhura, mama yake asiyeona, na Ijumaa. Mzee Mihambo akasema jua likizama atawapulizia nyuki moshi na kuushusha mwenyewe, na akaushusha, maana kesho yake waya ulinyamaza na upepo ukiwepo.

Tuliporudi kwenye kiberenge fundi akatuambia jina la yule mzee hatalitaja. Ataripoti kwamba palikuwa na uzito juu ya mkono wa nguzo, umeondolewa, basi. Nilimweleza Zuhura yote, nikijua yeye ndiye mwenye kulipa. Nilitegemea aniambie tumtaje. Alikaa akitazama vibonyezo vyake, akasema, "Mkimtaja akafungwa, mimi nitakaaje hapa nile mkate wake? Semeni uzito."

Mashine ilichapa safi mchana kutwa wa Alhamisi. Nikadhani tumeshinda. Mkuu akasema hiyo ni kawaida, binti anajua mkaguzi anakuja, ameanza kuwa mwangalifu.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Aliingia chumba cha mashine mchana wa Ijumaa, mkuu nyuma yake, Zuhura amesimama kando ya kiti chake mikono nyuma. Akasikiliza mashtaka yote. Akamgeukia fundi, akamuuliza ni uzito gani huo alioripoti.

"Uzito uliotundikwa, Ndugu Mkaguzi. Umeondolewa."

"Uliotundikwa na nani?"

Fundi Rajabu akatazama kofia yake aliyokuwa ameishika mkononi. Mkaguzi akangoja. Akasema, bila ukali, kwamba hawezi kupeleka neno uzito Dar es Salaam. Akasema alichonacho mbele yake ni simu zilizoharibika na binti aliyeziandika. Nilikuwa nimefungua mdomo kumtaja mzee, nawaambia ukweli, nilishaufungua. Zuhura akanitazama nikaufunga.

Kukawa na mabishano kaunta. Karani akaja akasema kuna mzee anataka kuingia na hataki kusema shida yake kwa mtu mwingine. Akaingia Mzee Mihambo, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshuka kwenye treni ya mizigo, kibuyu cha asali kimefungwa kwa ile kamba ya mzinga. Akavua kofia, akatusalimia wote, hata mimi niliye mtoto kwake.

"Mzinga uliokuwa kwenye waya ni wangu," akasema. "Alama yake ni ya baba yangu. Nimesikia mzinga wangu umemsingizia binti wa watu. Nimekuja kusema mwenyewe, maana mzinga hauwezi kusema. Huyo binti ni yupi?"

Zuhura akapiga goti, akasema, "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia marahaba na akamwomba radhi mbele yetu sote, mtu mzima kwa binti mdogo. Mkuu wetu wa ofisi, niliyekwisha kusema hakuwa mtu mbaya, alikuwa wa kwanza kumvutia kiti.

Mzee akasimulia yote kama alivyotusimulia sisi, na mkaguzi akauliza kuhusu nyegere. Akauliza kuhusu msitu ulioachwa, na asali ilikuwa kiasi gani. Alionekana kusahau kama anakagua kitu. Kuhusu ile nguzo, wacha niseme hapa nisije nikasahau: ghala letu lilikuwa na nguzo ya chuma iliyopinda ambayo haifai kwa waya, na fundi akaomba ruhusa ikasimamishwe nyuma ya nyumba ya Mzee Mihambo, mbali na laini. Mkaguzi akakubali kwa kutikisa kichwa tu. Mimi ndiye niliyekwenda kuichimbia shimo, na mzee aliizunguka ile nguzo akiipapasa kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa.

Lakini siku ile ya Ijumaa kazi ilikuwa bado. Nje upepo ulikuwa umeanza, bati la ghala linagonga. Mkaguzi akamwambia Zuhura akae na atume kitu Kigoma, chochote, wao wakirudishe kama walivyokipokea. Zuhura akakaa. Akaweka vidole, akaviondoa. Akamgeukia Mzee Mihambo akamuuliza kama ana mtu Kigoma.

Mzee akasema ana mwanawe, Kulwa, anabeba mizigo bandarini. Hajamwona tangu kabla ya kuhamishwa, na kule msituni sasa hakuna hata nyumba. Hakuwa na namna ya kumwambia. Zuhura akamwambia, "Sema, baba, mimi naandika."

Akasema polepole, na Zuhura akaandika kila neno alivyolitamka, akianza na jina la Kulwa. Kwamba wamehama. Kwamba wako karibu na reli, ukishapita Usoke, mstari wa nyumba mpya, waulize kwa Mihambo. Kwamba mama yake ni mzima. Kwamba asiende kule kwa zamani, hatakuta mtu.

Halafu tukangoja. Fundi alikuwa anasoma dua midomoni. Bati linagonga. Mashine ikashtuka na kuanza kujichapa, karatasi inapanda mstari kwa mstari, na hakuna aliyesogea mpaka iliponyamaza. Zuhura akaikata, akaisoma kwa sauti. Wamehama. Karibu na reli. Kwa Mihambo. Mama ni mzima. Halikupungua neno. Mkaguzi akavua miwani, akamwambia mkuu wetu kwamba huyu amalize muda wake wa majaribio leo hii, aandikwe kazi ya kudumu.

Mzee Mihambo hakusikia hilo. Alikuwa ameipokea ile karatasi kwa mikono miwili, ingawa hajui kusoma, akimwomba Zuhura amwonyeshe ni wapi palipoandikwa jina la mwanawe. Zuhura akamwekea kidole pale. Mzee akapaangalia sana. "Basi," akasema, "sasa anajua pa kurudi."

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Zuhura akajifuta macho kwa pindo la khanga, akavuta simu iliyofuata kwenye foleni, akaendelea na zamu yake.